Dua, dozi na daftari: mwongozo kwa familia ya Kigoma inayouguza mgonjwa wa kansa

Jioni tuliyokusanyika nyumbani Ujiji kwa ajili ya majibu ya kinyama cha mama, kile kipande kilichokatwa kwenda kupimwa, sebuleni tulikuwa watu kumi na mmoja na kila mtu alikuja na dua yake. Mjomba alitaka kisomo usiku uleule. Mama mdogo, ambaye ameokoka na ameolewa Kasulu, alikuwa ameshawapigia simu watu wa kanisani kwake tangu asubuhi. Jirani alileta majani ya mstafeli kwenye mfuko. Barua ya rufaa hakuna aliyeiulizia. Mama mwenyewe alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya samaki. Ilikuwa na siku tisa, na hakuna aliyekuwa amemsomea kilichoandikwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya sebule kama ile. Mama yetu alitibiwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo mifano mingi ni ya ugonjwa huo. Yanayohusu ndugu, fedha na ibada yatamfaa hata anayeuguza kansa ya koo au ya titi. Mimi si daktari wala si mwanachuoni. Ni binti niliyelala kwenye mkeka wa watu Dar es Salaam kwa miezi miwili na ushee. Nimeona imani ikimbeba mgonjwa, na nimeona ikimchelewesha. Mara nyingi tofauti ilikuwa kama wanaomwombea wamepewa kazi ya kufanya au wameachwa na maneno yao tu.

Neno moja kabla hatujaanza. Hospitalini mtasikia "hatua ya kwanza" mpaka "hatua ya nne". Hapo wanazungumzia ugonjwa umeenea kiasi gani. Hatua za hapa ni za familia.

Hatua ya 1: Mwambieni mgonjwa, halafu mumuulize anataka aombewe vipi

Kwetu ni kawaida ndugu wote kujua na mgonjwa asijue. Tunasema tunamlinda. Ukweli ni kwamba anajua siku ya kwanza, kwa jinsi watu wanavyonyamaza akiingia chumbani. Mama alituambia baadaye kwamba alishatambua pale mjomba alipoacha kumtania.

Mchagueni mtu mmoja tu, yule anayemwamini, aingie naye kwa daktari, na mumwombe daktari aseme kwa Kiswahili cha nyumbani: ni kansa, iko wapi, ipo hatua gani, inatibika kwa nini. Mkirudi nyumbani msiitafune habari hiyo mpaka ikawa "uvimbe kidogo tu".

Kisha yanafuata maswali ambayo familia nyingi huyaruka. Nani unataka akuombee? Wapi? Utangazwe msikitini au kanisani, au isitangazwe? Unaruhusu kuwekewa mikono? Mama alijibu bila hata kufikiri: "Msinitangaze kwenye spika. Nisomeeni Yasini kila Alhamisi, inatosha. Na huyu mdogo wangu aniombee kwa dini yake, ila asinishike tumbo, linauma." Maneno hayo niliyaandika kama yalivyo, na kila aliyekuja na wazo jipya la maombi nilimsomea.

Mwacheni pia alie. Kuna ndugu wanaomlazimisha mgonjwa aseme "nimeshapona kwa jina la Yesu", na wengine wanaomkemea kwamba kulia ni kukosa subira. Yote mawili yanamfanya mgonjwa ajifiche. Akishazoea kuwaficha nyie, atamficha na daktari.

Wala msianze kutafuta aliyemroga au dhambi aliyofanya. Kansa ya mlango wa kizazi inatokana kwa sehemu kubwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho wengi wetu tuliowahi kuwa kwenye ndoa tumewahi kukipata bila kujua, na mwili hukiondoa wenyewe kwa walio wengi. Aliyebaki nacho hakutenda kosa la kuwazidi wenzake.

Hatua ya 2: Kaeni kikao kimoja, na kila anayesema "nitamwombea" aondoke na kazi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu akisema "nitawaombea", anasema kweli. Anataka kusaidia na hajui ashike wapi. Usipompa pa kushika, ile nguvu yake itarudi kwenu kwa sura ya ushauri: nendeni kwa fulani, mpeni hiki, hospitali zinaua. Ukimpa kazi, dua yake inapata miguu.

Kwetu tuligawana hivi. Mjomba, aliyetaka kisomo, tulimwachia kisomo chote cha Alhamisi akisimamie, na juu yake tukamwongezea kufuatilia barua ya serikali ya mtaa na karatasi za ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, maana mgonjwa asiye na uwezo huombewa msamaha wa gharama kupitia ofisi hiyo, na wanahitaji uthibitisho. Mzee yule alizunguka na bahasha siku nne. Mama mdogo tulimpa simu: yeye ndiye angewapa taarifa ndugu wote kila Jumapili jioni, ili mimi nisipigiwe simu ishirini nikiwa kwenye foleni. Jirani wa mstafeli tulimshukuru, majani tukayaweka kando (nitayarudia), tukamwomba awapikie wadogo zangu mchana. Huyo ndiye aliyetusaidia kuliko wote, na sidhani kama mwenyewe anajua.

Kazi zisizokosekana ni hizi: msindikizaji mmoja na wa kumpokea akichoka, mtunza fedha, mtoa taarifa, wa kubaki na watoto, na mtu wa kuzungumza na viongozi wa dini. Huyo wa mwisho msimdharau. Viongozi wa dini wakiwa wanne na kila mmoja anazungumza na ndugu wake, mtapata familia nne.

Fedha. Mfuko wa matibabu uwe peke yake, kwenye simu ya mtu mmoja, na hesabu ziandikwe. Sadaka, nadhiri na "mbegu" zisitoke humo hata shilingi. Anayetaka kutoa atoe mfukoni mwake. Tuliweka sheria hii siku ya kwanza, na wiki ya pili tu ilihitajika, mtu mmoja alipotuambia uponyaji unangoja mbegu ya kiasi fulani, kiasi ambacho, ajabu, kililingana na tulichokuwa tumechanga. Kama mna bima, hakikisheni mapema inalipia nini. Na shamba au nyumba msiuze wiki ya kwanza. Bei ya mtu mwenye majonzi huwa mbaya.

Hatua ya 3: Rufaa na safari

Kigoma rufaa nyingi hutokea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na Tabora hutokea Kitete. Kwa mionzi mtaelekezwa ama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ama Bugando, Mwanza. Mwulizeni daktari ipi inafaa ugonjwa wenu, na nyie mpime wapi mna ndugu wa kuwapokea, kwa sababu mtakaa muda mrefu. Bebeni barua ya rufaa, majibu ya kinyama, picha na vipimo vyote vya nyuma, kitambulisho na kadi ya bima. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu.

Mgonjwa anayetokwa damu au kuharisha atateseka kwenye basi. Treni ya reli ya kati inachelewa na haiondoki kila siku, lakini ina choo na behewa la kulala. Njia nyingine ni basi mpaka Dodoma, mkapumzika, halafu treni ya umeme iliyoanza 2024 inayowafikisha Dar kwa saa chache. Dua ya safari isomwe nyumbani mapema. Kwetu iliendelea mpaka basi nusura lituache.

Hatua ya 4: Ratiba ya dozi iandikwe kwanza, ratiba ya maombi iizunguke

Kwa mgonjwa kama mama, mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano, na mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa. Baadaye inafuata mionzi ya ndani, mara chache. Madaktari hutaka yote hayo yaishe ndani ya wiki nane hivi. Sababu yake nilielezwa nikaielewa: mionzi inaumiza seli za kansa, na siku zikiachwa wazi katikati, zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana. Kwa hiyo mkikatisha kwa wiki moja, ugonjwa nao unapata wiki moja ya kujijenga.

Wiki ya tatu mama mdogo akapiga simu. Kuna mtumishi anakuja Kasulu, siku tatu za maombezi, mleteni dada. Nikahesabu: kwenda, siku tatu, kurudi, uchovu. Zaidi ya wiki. Sikutaka kumkatalia kwa ukali, maana sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia, "Mama mdogo, njoo uchukue khanga yake." Hakuja, lakini tulimtumia kwa basi khanga aliyokuwa akijifunika wodini, bila kuifua, kama alivyotaka. Akaenda nayo mkutanoni siku zote tatu. Siku ya mwisho alipiga simu, tukaweka sauti ya juu, mama akasikiliza maombi dakika kumi akiwa amelala kitandani, na kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya mionzi kama kawaida. Khanga ilirudi ikinukia marashi.

Fanyeni hivyo kwa kila kitu kinachotaka kumtoa mgonjwa kwenye dozi. Badala ya kuuliza "twende au tusiende", ulizeni "hiki kinaweza kumfuata alipo?" Padre anaweza kuja. Shekhe anaweza kuja. Simu ipo.

Wenye umri wangu wanakumbuka 2011, Watanzania tulivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikwenda kwa kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa vitandani, na wapo waliofia njiani kabla ya kufika. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na kikombe kilikuwa rahisi kuliko miezi ya hospitali. Uchovu huo utawajia na nyie, kati ya wiki ya tatu na ya nne, mgonjwa akiwa anaharisha na haoni nafuu. Jueni mapema kwamba siku hizo zipo na kwamba ndizo siku ambazo wauza miujiza wanasikika vizuri.

Mhubiri mmoja alimsomea mama kwa simu habari za yule mwanamke wa kwenye Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akakazia pale alipoteswa na matabibu wengi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akauliza: "Sasa baba, wakati ule mionzi ilikuwapo?"

Hatua ya 5: Ibada zikutane na mwili unaotibiwa

Mambo haya hayaandikwi kwenye kikaratasi cha hospitali, na aibu huzuia watu kuyauliza. Nitayasema moja baada ya jingine.

*Alama za mionzi na mafuta.* Kabla ya kuanza, mgonjwa huchorwa alama kwenye ngozi kuonyesha mionzi ielekezwe wapi. Zisifutwe. Sehemu hiyo ioshwe taratibu kwa maji ya uvuguvugu, isisuguliwe, isikandwe kwa maji ya moto, wala isipakwe mafuta ya upako, mawese wala marashi, labda wahudumu waruhusu. Anayetaka kumpaka mafuta ya ibada ampake kwenye paji la uso. Wakatoliki hawana shida hapa: katika mpako wa wagonjwa padre hupaka paji la uso na viganja. Na sakramenti hiyo si ya anayekata roho peke yake. Mgonjwa anaweza kuipokea matibabu yanapoanza, na akizidiwa baadaye akaipokea tena. Nimemwona mzee akikataa padre kwa sababu alidhani kuja kwake ni hukumu ya kifo.

*Damu na swala.* Mama aliacha kuswali miezi minne kabla hatujajua anaumwa, kwa sababu ya damu. Aliona haya kusema. Damu ya ugonjwa si hedhi. Kwenye fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, inaitwa istihadha, na mwanamke mwenye nayo anaswali: anajisafisha, anajifunga vizuri, anatawadha kwa kila swala ya faradhi wakati wake ukishaingia. Asiyeweza kusimama anaswali ameketi, asiyeweza kuketi anaswali kwa ubavu. Maji yakimdhuru, kuna kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi. Ustadhi aliyetueleza haya alitumia dakika tano, na kwa muda wote tuliohudumiwa hospitalini sijawahi kuona uso wa mama ukibadilika namna ile. Binti, kama mama yako anaona haya, mwulizie wewe.

*Kufunga.* Mgonjwa hafungi. Qurani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hutolewa fidya ya kulisha maskini. Kanisa Katoliki nalo halimlazimishi mgonjwa kufunga wakati wa Kwaresima. Kwa anayepewa sisplatini, ile dripu ya kila wiki, kukaa bila maji ni hatari kweli, kwa sababu dawa hiyo inasumbua figo na mgonjwa huambiwa anywe maji mengi. Ndugu wenye afya ndio wafunge. Mdogo wangu wa kiume alifunga Jumatatu na Alhamisi zote za matibabu, na mama alikuwa akimuuliza kwa simu amefuturu nini.

*Kombe, zamzam, maji ya baraka.* Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na zikishuka, uchafu kidogo tu humwangusha mgonjwa. Kwa hiyo kila maji anayokunywa yawe safi, yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, liandikwe kwa zafarani halisi kwenye sahani safi, si kwa rangi ya dukani. Maji yaliyopita mikono ya watu hamsini msimpe anywe; mnyunyizie chumbani. Anayepuliza dua apulizie kwa mbali kidogo, na mwenye mafua au kikohozi asiingie kabisa, hata awe nani. Ubani na udi acheni siku za kemo, harufu inaleta kichefuchefu.

*Mstafeli na wenzake.* Sijui mkoa ambao mtu wa kansa hajaletewa majani haya. Tatizo ni kwamba figo na ini tayari zinafanya kazi ya dawa za hospitali, na mgonjwa huyanywa kimyakimya bila daktari kujua, halafu vipimo vya damu vikiharibika dozi inaahirishwa. Mpeni daktari jina la kila mlichompa, hata kama atawakunjia uso.

*Chakula cha kwetu.* Mionzi ya nyonga ikianza kumharisha mgonjwa, maharage, mboga zenye nyuzi na mawese mengi hupumzishwa. Uji mwepesi, wali laini, ndizi mbivu, mchuzi mwepesi wa mgebuka uliotolewa miiba. Mama alilia kwa ajili ya dagaa kwa mawese. Alingoja.

Hatua ya 6: Daftari

Nunueni kaunta buku, ile ngumu. Mbele andikeni ya hospitali: tarehe, dozi ya ngapi, damu imesoma ngapi, alichokula, choo mara ngapi, maumivu kati ya sifuri na kumi, maswali ya daktari. Nyuma kabisa, mkianzia ukurasa wa mwisho, andikeni michango na waliojitolea kuomba na kazi zao.

Faida yake niliiona wiki ya pili. Daktari alimuuliza mama, "Unaendeleaje, bibi?" Mama akajibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Daktari akaandika. Usiku uliotangulia alikuwa ameenda chooni mara tisa na hakulala. Mama hakudanganya; kwake hiyo ni adabu, mbele ya Mungu na mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Tangu siku hiyo tulikubaliana: yeye aseme alhamdulillahi, mimi niseme "ila", nifungue daftari.

Mstari mwekundu uwe kwenye jalada la ndani. Joto likifika nyuzi 38 kwa anayepewa kemo, ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, msimpe panadoli mkangoja kuche wala msimalizie kwanza kisomo. Damu ikitoka kwa wingi ikalowesha nguo, vivyo hivyo. Akishindwa kushika maji tumboni, au mkojo ukikauka, vivyo hivyo. Nunueni na kipimajoto chenu. Kukisia kwa kiganja hakutoshi.

Hatua ya 7: Anayeuguza

Msindikizaji naye ana imani yake, na inachoka. Kuna siku sikuweza kuomba kabisa. Ocean Road iko karibu na bahari, nikatoka nikakaa kuangalia maji. Sisi watu wa ziwa tunadhani tunayajua maji makubwa, lakini yale yana chumvi na yanajaa na kupwa, hayatulii. Nilikaa nusu saa, nikarudi nikiwa na hasira ileile ila mabega yameshuka. Mpokeeni msindikizaji angalau kila baada ya wiki tatu. Akisema hana maneno ya dua, msimhubirie. Mwombeeni nyie, yeye mpeni alale.

Hatua ya 8: Maumivu, na siku ambayo daktari anabadilisha lugha

Morfini ya maji ikiandikwa, familia nyingi hushtuka: wengine wanasema ni dawa ya kufia, wengine ni kilevi. Ni dawa ya maumivu makali. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na si pale tu anapopiga kelele. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Mjomba alisema mama avumilie, maumivu yanafuta dhambi. Ustadhi yuleyule wa istihadha ndiye aliyemjibu: Mtume amesema Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, sasa wewe unazuia ipi? Mjomba akanyamaza, na jioni ndiye aliyeshika kijiko.

Si kila mgonjwa anapona, na hili ni la imani kuliko yote yaliyotangulia. Siku moja daktari ataacha kusema "tutaondoa" na kuanza kusema "tutapunguza". Huduma inayofuata inaitwa tiba shufaa. Lengo lake mgonjwa asiumie, ale anachoweza, alale, aseme yake.

Nyumba tuliyofikia alikuwepo mzee kutoka Urambo, mkulima wa tumbaku, mwenye kansa ya koo. Wanawe wawili waligombana barazani, mmoja akitaka maombi ya kufunga, mwingine akitaka wampeleke nje ya nchi. Mzee alikuwa anawasikia. Aliniita, akaniomba maji kwa kijiko, akaniambia kwa sauti ya kukwaruza: "Waambie hawa waniombee nilale usiku mmoja. Mmoja tu. Halafu wanirudishe nikaione bani yangu." Alimaanisha banda lake la kukaushia tumbaku. Nikawaambia. Nadhani hawakuwa wamewahi kumuuliza.

Basi ulizeni. Dua inaweza kubadilika bila imani kupungua: jana mliomba uvimbe uishe, leo mnaomba alale, keshokutwa mnaomba ndugu wawili wasiosemezana wafike kabla hajafunga macho. Madeni, wosia, anataka kuzikwa wapi, yazungumzwe angali na sauti. Na kama anataka kufia nyumbani, msingoje mpaka asiweze kukaa kwenye kiti cha basi. Muulizeni daktari wazi kama safari inawezekana wiki hii, na mwondoke na dawa za maumivu za kutosha pamoja na barua ya kuwapa hospitali ya nyumbani.

Hatua ya 9: Kurudi

Mama alimaliza. Siku ya mwisho ya mionzi hatukufanya sherehe, alikuwa amechoka. Uchovu huendelea kwa wiki nyingi, na mkojo kuwaka, na tumbo kuvurugika. Ndugu wakianza kusema "mbona hajapona", waambieni mwili una hesabu yake. Shukrani ziandaliwe baada ya kliniki ya kwanza, si siku ya kushuka kwenye basi. Sisi tulisoma maulidi madogo, na mama mdogo akaja na kwaya ya watu watano wakaimba uani baada ya wageni wa maulidi kula. Mjomba alihamia chumbani wakati wa nyimbo, lakini mlango aliuacha wazi.

Kliniki mwanzoni huwa kila baada ya miezi mitatu. Mtu anayejisikia vizuri ataona nauli ya Dar ni hasara, na atasema Mungu ameshamaliza kazi. Nauli hiyo itengwe kwenye mfuko uleule wa matibabu, usifungwe.

Na wanawake wa nyumba hiyo waende kupimwa. Kipimo cha siki kwenye mlango wa kizazi ni cha dakika chache, na dalili za mwanzo zikionekana hutibiwa kabla hazijawa kansa. Wasichana wapelekwe chanjo ya HPV, inayotolewa nchini tangu 2018, na mwaka 2024 ilitolewa kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Mimi na mama mdogo tulikwenda kupima pamoja, yeye akiomba kwa sauti kwenye benchi mpaka muuguzi akatoka kuangalia kuna nini.

Daftari la kwanza limejaa. La pili nimelinunua soko la Mwanga, lina jalada la buluu, na ukurasa wa kwanza una tarehe ya kliniki ijayo, jina la atakayemsindikiza, ambaye safari hii ni mjomba, na chini yake, kwa mwandiko wa mama uliopinda: *dagaa kilo mbili za kumpelekea mwenye nyumba Dar.*